Glasi ya Nne

Kabla ya usiku ule, wiski kwangu ilikuwa kitu kimoja tu: kileo kikali cha rangi ya asali, cha kujaziwa barafu na soda mpaka ladha yake ife. Rafiki yangu mmoja aliyenizidi umri, wote tukimwita Mwalimu, alikuwa akiniona nikifanya hivyo ananyamaza. Siku hiyo uvumilivu ukamwisha. Alinipangia glasi nne zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akamimina kidogo kidogo, kisha akaliondoa bakuli la barafu mezani.

"Usinywe bado. Nusa kwanza, mdomo uachame kidogo."

Ya kwanza ilikuwa Auchentoshan, kutoka Lowlands, kusini mwa Uskoti. Huikeneka, yaani huichemsha na kuukusanya mvuke wake, mara tatu, wakati wengi nchini humo hukeneka mara mbili, na kweli ilipita kooni bila kukwaruza. Niliipenda upesi, nikaisahau upesi. Ya pili ilikuwa bourbon ya Marekani, ambayo nafaka zake lazima angalau asilimia 51 ziwe mahindi, na ambayo hulazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani; vanila ikanijaa puani. Ya tatu, Glenfarclas ya Speyside, Uskoti tena, ilikuwa imelala kwenye mapipa yaliyowahi kutunza sheri, divai kali ya Hispania. Zabibu kavu tupu! Ningeishia hapo, ningelala nimeridhika.

Ile ya nne niliinusa nikarudisha kichwa nyuma. Ilinuka iodini, kamba ya mashua, na moto uliomwagiwa maji.

"Mwalimu, hii si dawa ya kidonda?"

"Hiyo ni Laphroaig, ya kisiwa cha Islay, hukohuko Uskoti. Onja."

Nikaonja, nikakunja uso. Ilinijaa majivu ulimini. Nilitaka kuisukuma pembeni, naye akanizuia mkono, akaanza kunieleza. Kisiwani huko miti ni haba. Tangu zamani watu wamechimba udongo mweusi wa mimea iliyooza kinamasini kwa maelfu ya miaka, wakaukata vipande mfano wa matofali, wakaukausha ukawa kuni zao. Shayiri ya kutengenezea wiski ikishachipua, huanikwa juu ya moshi wa udongo huo. Moshi unashika kwenye punje, unapenya mtamboni, unavumilia pipani miaka kumi, na ndio huo uliokuwa umenikalia kooni.

Akachovya kijiko kwenye maji, akadondosha matone mawili tu. Niliona vijinyuzi vyembamba vikijisokota ndani ya glasi, kama mafuta, kisha vikatoweka. "Sasa rudia."

Moshi ulikuwepo, ila ulikuwa umesogea kando kupisha wengine. Nyuma yake kulikuwa na chumvi, kisha utamu ambao sikuutarajia hata kidogo, mwepesi, wa shayiri yenyewe. Nikarudia tena, na tena, kila funda nikilishikilia mdomoni muda mrefu zaidi. Zile tatu za mwanzo zilibaki mezani, sikuzigusa tena. Mwalimu hakuuliza nimeipendaje. Alikuwa akinitazama tu.

Asubuhi nilikwenda kuosha vyombo. Glasi tatu hazikuwa na harufu ya maana. Ya nne, kavu kabisa, ilikuwa bado inanuka majivu ya jiko lililozimwa usiku. Niliziosha zile tatu. Hiyo niliirudisha mezani kama ilivyo.