Harufu ya Petroli Ndani ya Volkswagen ya Baba

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wa dawati la mbele, aliyeniuliza kwa adabu zote kama nilikuwa nimepita kituo cha mafuta asubuhi ile. Sikuwa nimepita. Nilikuwa nimetoka nyumbani moja kwa moja hadi shuleni, mwendo wa dakika ishirini, ndani ya Volkswagen ya umbo la kobe ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu baba, na pua yangu ilikwisha kuizoea harufu kiasi kwamba sikuihisi tena, ingawa kila jioni kichwa kiliniuma na nikawa ninalaumu chaki na kelele za watoto.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alicheka. "Mwalimu," aliniambia, "gari la umri huu lazima linuke kidogo." Akanishauri ninunue manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Nakiri kwamba niliyanunua, na kwa wiki nzima gari likanuka petroli yenye ndimu. Leo ninaamini kuwa ushauri ule ulikuwa wa hatari, kwa sababu gari hilihili lilipokuwa jipya halikunuka. Likianza kunuka, ina maana kuna mahali petroli au mvuke wake unatoka pasipostahili. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea bali hutambaa sakafuni. Banda letu la gari limepakana na jiko la uani, ambako mkaa huwashwa kila siku. Nilipoliwaza hilo, niliyatupa manukato.

Fundi wa pili, mzee mwenye karakana ndogo chini ya mwembe, hakushika spana kwanza. Aliniuliza maswali: harufu huja lini? Tangi likiwa limejaa au hata likiwa nusu? Kwenye kona na milima, au gari likiwa limesimama? Je, huzidi nikifungua hewa ya joto? Nikarudi nyumbani na daftari, na kwa siku kumi niliandika kila safari kama ninavyoandika mahudhurio ya darasa.

Ili maswali hayo yaeleweke, inabidi kujua kwamba gari hili limepangwa kinyume na mengine. Tangi liko mbele, chini ya boneti, mbele kidogo ya miguu ya dereva, ilhali injini iko nyuma, na petroli husafiri katika bomba jembamba la chuma lililopita ndani ya uti wa sakafu, katikati ya viti. Daftari langu lilionyesha mambo mawili. Tangi likijaa, harufu ilikuja kwa mbele, hasa nilipokata kona. Na asubuhi za baridi, nilipofungua hewa ya joto, ilikuja kwa nguvu kutoka miguuni, tangi liwe limejaa au la.

La kwanza lilipatikana upesi. Juu ya tangi kuna kifaa kinachopima kiwango cha mafuta, na gasketi yake ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ganda la muwa, hivyo petroli ilipochezacheza kwenye kona ilipenya na kulowesha juu ya tangi. Mpira wa shingo ya kujazia nao ulikuwa na nyufa. Mzee alizungushia karatasi laini kila kiungo, akaniambia niendeshe hadi sokoni na kurudi. Karatasi zilizolowa ndizo zilizotoa ushahidi. Kazi yote aliifanya nje, kwa tochi, betri ikiwa imefunguliwa, na alimfukuza kijana mmoja aliyekaribia na sigara kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

La pili ndilo lililonitisha. Gari hili halina rejeta, yaani chombo cha maji ya kupozea injini; injini yake hupozwa kwa hewa. Hewa ya joto inayoletwa kwa abiria huvutwa na feni kutoka kule kule kwenye injini, kwa hiyo chochote kinachovuja huko humfikia dereva usoni. Mipira ya mafuta kati ya pampu na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa ya aina iliyofumwa uzi kwa nje, na kwa macho ilionekana mizima. Mzee aliikunja kidogo tu, na chini ya uzi ule mpira ukapasuka kama mkate mkavu. Matone yalikuwa yakidondokea bati la injini ya moto. Tuliibadilisha yote, kuanzia ule ulio chini ya tangi hadi ule ulio karibu na gia ambao mafundi wengi huusahau kwa kuwa hauonekani, na nilisisitiza uwe mpira maalumu wa petroli, kwa maana dukani walitaka kuniuzia wa maji, ambao petroli huulainisha na kuuharibu kwa muda mfupi.

Harufu imekwisha, na maumivu ya kichwa nayo. Hata hivyo mzee alipolala chini ya gari aligundua kuwa visanduku vinavyopashia hewa joto, ambamo mabomba ya ekzosi hupita, vimeanza kuliwa na kutu. Hilo ni baya kuliko petroli, akasema, maana hewa ya sumu iliyomo katika moshi wa ekzosi haina harufu ya kumwonya mtu. Tumeziba njia zote mbili za hewa ya joto hadi nitakapopata visanduku vingine, na asubuhi hizi za Julai hapa Moshi ninaendesha nikiwa nimejitanda shuka la Kimasai, kioo kimeshushwa nusu.