Swali nililolijibu kwa uongo

Kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue uzito, mwanasaikolojia aliniuliza kama nina huzuni isiyoisha. Nikasema sina. Nilikuwa na kilo 131, magoti yameshagoma kupanda ngazi, na hela ya upasuaji nimeitoa kwenye mchezo wa kupeana pesa na kiwanja nilichouza Chanika. Niliogopa kwamba nikisema kweli wataniahirisha.

Ukweli ni kwamba tangu mama afariki nilikuwa nakula usiku. Si kwa njaa. Nikishafunika cherehani, nyumba imenyamaza, nilikuwa nakula chapati za kesho asubuhi mpaka usingizi unichukue.

Walinikata takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na sehemu hiyo ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Njaa ikaondoka. Majonzi yakabaki. Miezi ya kwanza sikuyasikia, maana kila wiki nilikuwa nikiyapunguza magauni yangu mwenyewe kwa furaha. Mwezi wa tisa baada ya upasuaji nikaenda arobaini ya jirani. Vijiko vitatu vya pilau, nimejaa hadi kifuani. Wenzangu wanakula huku wakimkumbuka marehemu, mimi nimekaa na mikono mitupu. Nikaanza kulia, na kilio kilikuwa cha mama, aliyezikwa miaka minne kabla.

Na mtaani wananiuliza, "Fundi, unaumwa?" Kwetu ukikonda haraka watu wanakuhesabia maradhi. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Siku hiyo sikufungua tena mlango.

Nilirudi kliniki nikasema yote. Hakuna aliyenigombeza. Kumbe ningesema mwanzo wangenianzishia tiba, kisha wanipasue. Ndugu yangu unayesubiri tarehe, ukiulizwa, sema. Mtaalamu alinieleza kuhusu utafiti wa Ontario, Kanada, uliofuatilia watu 8,815: katika miaka mitatu baada ya upasuaji, matukio ya kujidhuru yaliongezeka kwa takriban nusu kuliko kabla. Waliojidhuru ni wachache, lakini wapo, na wengi wao walikuwa na historia ya matatizo ya akili tangu zamani. Nikajiona humo. Wakanipima pia vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake nao huweza kuleta huzuni. Yangu ilikuwa chini, sasa nachomwa sindano kila mwezi.

Kila Alhamisi naenda kuzungumza. Usiku nampigia dada yangu wa Tanga. Juzi alinikumbusha mama alivyokuwa akikata nyuzi kwa meno huku akinikataza mimi nisifanye hivyo. Tukaongea mpaka salio likaisha.