Ganzi inayobaki baada ya upasuaji wa mgongo

Maumivu ya kushuka mguuni yameisha, mshono umekauka, lakini kidole gumba cha mguu bado ni kama cha kuazima. Wengi wakifika hapo huamua kwamba upasuaji umekwenda vibaya. Mara nyingi haukwenda vibaya. Neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa na diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) hurudi kwa utaratibu wake: maumivu hutangulia kuondoka, pengine siku ileile, nguvu za misuli hufuata kwa wiki na miezi, hisia za ngozi hushika mkia.

Neva ni kama waya: ndani kuna uzi unaopitisha ujumbe, nje kuna ala ya mafuta. Ikibanwa kidogo, inayoumia ni ala tu, nayo hujirekebisha ndani ya wiki chache hadi miezi 3 hivi. Ikibanwa sana au kwa muda mrefu, uzi wenyewe hukatika humohumo ndani ya ala, na kuota kwake upya ni karibu milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 2.5 au 3 kwa mwezi. Kutoka kiunoni hadi vidoleni mtu mzima ana karibu mita nzima. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana ganzi ya paja inaweza kwisha huku ya vidole haijatikisika, na ndiyo maana "miezi 6 imepita" bado si hukumu. Hata hivyo nafuu kubwa huonekana mwaka wa kwanza. Kilichobaki baada ya miaka 2, kwa kawaida ndicho cha kuishi nacho.

Waliopasuliwa shingo kwa sababu uti wenyewe wa mgongo (si mifupa, bali fungu kuu la neva linalopita ndani yake) ulibanwa wana hesabu tofauti. Uti hauoti upya kama neva za miguuni na mikononi. Upasuaji ule hufanywa hasa kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Vidole vikirudi kufunga vifungo vya shati, hiyo ni nyongeza. Kuna wengi wanaoipata kwa kiasi, lakini mgonjwa alipaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, si baada.

Badala ya kujiuliza kila asubuhi kama kuna nafuu, chora ramani. Chukua pamba, kalamu ya wino na simu. Kaa penye mwanga. Anza kupangusa pamba palipokufa ganzi kabisa, sogea nje polepole, na pale unapoanza kuihisi tia nukta. Zunguka pande zote, unganisha nukta, piga picha, andika tarehe. Rudia kila baada ya wiki 2. Ukipima kila siku utajichanganya tu, maana baridi, uchovu na hata soksi zinazobana hubadilisha hisia. Mduara ukipungua hata kwa upana wa kidole, neva inatembea. Eneo lililokuwa kimya likianza kuchomachoma kama linatambaliwa na sisimizi, mara nyingi hiyo nayo ni dalili njema, ingawa inakera.

Ramani pia inaonyesha neva gani inahusika. Madaktari huzitaja kwa herufi na namba: C ni za shingo, L ni za kiuno, S ni za chini ya kiuno, na namba huhesabiwa kutoka juu. Upande wa ndani wa muundi ni L4. Upande wa juu wa wayo hadi kidole gumba ni L5. Kidole kidogo, ukingo wa nje na kisigino ni S1. Mkononi, kidole gumba ni C6, cha kati C7, kidogo C8. Linganisha na karatasi ya hospitali: diski ya kati ya L4 na L5 kwa kawaida hubana neva ya L5, na ya kati ya L5 na S1 hubana S1.

Kuna ganzi isiyotokana na diski kabisa. Wakati wa upasuaji mgonjwa hulazwa kifudifudi kwa saa kadhaa, mifupa ya nyonga ikiegemea mito, na neva ya ngozi ya paja hubanwa hapo. Akiamka, paja la mbele upande wa nje halina hisia. Hiyo huisha yenyewe kwa wiki au miezi. Kiwiko kikibanwa mezani, vidole viwili vya mwisho vya mkono hufa ganzi. Ngozi inayozunguka kovu nayo inaweza kubaki butu, na haina madhara.

Yapo ya kukimbilia hospitali leo, si kesho: ganzi kwenye sehemu inayokalia tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja kwa ndani; mkojo kukataa kutoka au kutoka bila taarifa; haja kubwa kuponyoka; miguu yote miwili kulegea. Hapo neva za mkiani, yaani za mwisho wa uti wa mgongo, zinabanwa na saa zinahesabika. Homa, usaha kwenye mshono, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma pia havisubiri kliniki. Kila wiki jaribu kutembea kwa visigino, kisha kwa vidole, ukishika ukuta; nguvu ikipungua kuliko wiki iliyopita, rudi kwa daktari. Na kama ulikaa miezi bila maumivu kisha yakarudi pamoja na ganzi mpya, huenda diski imetoka tena. Kipimo cha picha cha MRI chenye dawa ya kung'arisha husaidia kutofautisha diski na kovu.

Kinachowaumiza wengi zaidi, hata hivyo, si neva bali maji ya moto. Ndugu kwa mapenzi yao humkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji yanayofuka, naye hasemi kitu kwa sababu hahisi. Jioni ngozi ina malengelenge. Usikandwe kwa moto palipo na ganzi, na usiweke chupa ya maji moto kitandani. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko au kwa mguu usio na ganzi. Kandambili huchomoka mguuni njiani bila mwenyewe kujua, hivyo vaa kiatu chenye mkanda wa nyuma, na kikung'ute kabla ya kuvaa: kokoto moja ya asubuhi ni kidonda cha jioni. Usiku kagua nyayo kwa kioo. Bafuni, usifumbe macho kuosha uso ukiwa umesimama. Mguu usiohisi sakafu hutegemea macho, ukiyafumba unayumba. Kaa kwenye kigoda.

Kuhusu dawa, gabapentini, pregabalini na amitriptilini hutuliza kuungua na kuchomachoma. Hazirudishi hisia. Kama una ganzi tupu isiyouma, huenda unanunua usingizi tu. Lakini ukizizoea usiziache ghafla, punguza kwa maelekezo. Vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kila duka la dawa kwa jina la "dawa ya neva" vinahitaji tahadhari: baadhi vina miligramu 100 hadi 200 za B6 kwa kidonge, wakati mtu mzima anahitaji chini ya 2 kwa siku. B6 nyingi ikimezwa kwa miezi huleta ganzi ileile unayoikimbia. Anayetumia isoniazidi (dawa ya TB), kama waliopasuliwa kwa TB ya uti wa mgongo, huyo anahitaji B6 kwa kipimo cha daktari, maana isoniazidi huimaliza. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka apime B12. Na kila mwenye ganzi ya miguu yote miwili inayopanda kama soksi apime sukari kwanza kabla ya kulaumu mgongo.

Mazoezi ya hisia ni ya bei nafuu. Dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku: sugua ngozi kwa kanga laini, kisha taulo, kisha dodoki, macho wazi, halafu macho yamefumbwa, ukitaja ni kipi. Kwa mikono, ficha sarafu na kifungo kwenye bakuli la mchele uvitafute bila kuangalia. Ukivipata kirahisi, hamia kwenye maharage. Kunyoosha neva (unakaa kitini, unanyoosha goti, unavuta vidole vya mguu kwako, unashikilia sekunde 2, mara 10) kusianze kabla ya mfiziotherapia kuruhusu, na kusivutwe hadi kuuma. Mchomo ukidumu zaidi ya nusu saa baadaye, umezidisha.

Mwisho ni usukani. Breki ya gari na breki ya nyuma ya pikipiki zote ziko mguu wa kulia. Hata ukiruhusiwa kuendesha, jaribu kwanza gari likiwa limezimwa: angalia mbele, usitazame chini, hamisha mguu kutoka pedali ya mafuta kwenda breki mara 10. Ukikosa hata moja, kaa kiti cha abiria.