Vifuko vya vitafunwa: kazi ilikuwa kwenye bitana

Nilikuwa namfungia mwanangu vitafunwa vya shule kwenye karatasi za daftari kuukuu. Mifuko ya plastiki hapa Tanzania ilishapigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na vile vifuko vyepesi vya nailoni vinavyopeperuka mtaani sikuvitaka ndani ya begi lake. Siku moja mafuta ya maandazi yakapenya mpaka kwenye daftari la hisabati. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Usafi!" Nikaona aibu kana kwamba nimeandikiwa mimi.

Kitenge si tabu Kigoma, vinaingia kutoka Kongo na Burundi mpaka unashindwa kuchagua. Chini ya kitanda nilikuwa na yadi moja iliyobaki kwenye gauni la harusi ya mdogo wangu. Cherehani ninayo, ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo umeme ukikatika hainihusu.

Nikaamua kumshonea vifuko. Cha kwanza nilikishona kwa kitambaa kimoja tu, bila bitana, yaani kitambaa cha ndani. Jioni mtoto akaniletea ubuyu wake: "Mama, ubuyu una nywele." Nyuzi za kingo zilikuwa zimejaa humo.

Cha pili nikakiwekea bitana ya mwavuli uliovunjika. Nilijiona mjanja kweli, maana maji hayapiti. Kilipokaa juani kidogo kikatoa harufu ya ajabu, na kitambaa kile sikijui kilipakwa dawa gani. Nikakitupa bila hata kukijaribu.

Cha tatu bitana ilikuwa shuka nyeupe ya pamba. Safi, laini, hakina harufu, ila andazi likapenyeza mafuta kama kwenye karatasi. Wiki nzima nikahangaika kutafuta kitambaa cha kuzuia mafuta, mpaka nilipokwenda Ujiji kumwona shangazi. Nikamwamkia, nikamwonyesha, nikalalamika. Akakigeuzageuza, akacheka. "Mwanangu, kapu umeliona wapi linateka maji? Tia vikavu."

Basi. Karanga, kashata, ubuyu na bisi ndivyo vinavyoingia kwenye kifuko. Maandazi na mihogo ya kukaanga vimehamia kwenye kopo lenye mfuniko, na bitana ya shuka imebaki hadi leo.

Kabla ya kukata, nafua vitambaa vyote viwili. Kitenge kipya kikifuliwa kinapungua na kinachuja rangi. Niliambiwa nikiloweke kwenye chumvi ya Uvinza ili rangi ishike. Nililoweka, na sikuona maajabu. Kilichosaidia ni kusuuza na kusuuza tena mpaka maji yakawa meupe.

Nakata kipande cha kitenge cha inchi 7 kwa 19, na bitana vivyo hivyo. Yadi yangu ilitoa vipande 10. Nalaza uso kwa uso, nashona pande zote nikiacha robo inchi ukingoni, na kwenye upande mmoja mfupi naacha tundu la inchi 3. Napunguza pembe kwa mkasi, nageuza kupitia tundu, napiga pasi, kisha nashona juu ya ncha zote mbili fupi na tundu linazibika. (Pasi ya mkaa ina visa vyake. Majivu yaliniharibia bitana nzima. Sasa naikung'utia nje kwanza.)

Halafu kukunja, na hapa ndipo nilipofumua mara mbili. Kitenge kikiwa kinatazama juu, anza na ncha moja fupi, itakayokuwa mfuko: ikunje inchi 7. Ndipo ukunje ncha ya pili, ambayo ni kifuniko, inchi 4 na nusu, kije juu yake. Shona mbavu mbili, kushoto na kulia, geuza, na kifuniko kitaingia ndani kama cha foronya. Ukianza na kifuniko kitatokea nje, na karanga zitamwagika kwenye begi. Zipu haihitajiki, wala kifungo.

Pale kifuniko kinapolala, sindano inapita matabaka 6 ya nguo. Namba 14 yangu ilikatika, ncha ikabaki ndani ya mshono. Niliitafuta kwa vidole nusu saa, maana ni chombo cha chakula cha mtoto. Fundi wa jirani akanipa namba 16 na kunionya niache kukanyaga nikifika hapo, nizungushe gurudumu kwa mkono.

Kukifua nakigeuza ndani nje, sabuni ya kawaida, juani. Masika kinachukua hata siku mbili, nami siharakishi: karanga ndani ya kitambaa chenye unyevu ni kukaribisha kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupangusa.

Juzi shangazi katuma salamu, anataka kimoja kikubwa cha kuwekea dagaa wakavu. Nimemshonea, ila mbavu nimezipiga uzi mwekundu, kisije kikarudi kwangu kufuliwa kikachanganyika na vya watoto.