Nilivyoacha kukariri mpangilio wa elektroni

2, 8, 8, 2: idadi ya elektroni katika kila ganda la atomu, kuanzia ndani. Mtindo huo unakufikisha salama hadi kalisi, elementi ya 20, kisha unagoma. Kwenye skandi, ya 21, elektroni inayoongezeka haiendi nje. Inaingia ganda la tatu, ambalo ulishazoea kulihesabu kuwa limejaa. Hapo ndipo unapoletewa ule mchoro wa mishale ya mshazari unaoonyesha mfuatano wa kujaza, nambari ikiwa ganda na herufi sehemu yake: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d na kuendelea. Mara nyingi unatoa jibu sahihi, ila hauelezi chochote, na mimi kitu kisicho na sababu hakikai kichwani. Nikauweka kando, nikaanza na nambari za kwantamu, ambazo wengi huziruka.

Mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926, ukitumika kwa atomu ya haidrojeni, hautoi njia ya elektroni kuzunguka kiini. Unatoa obitali, ambayo hukuonyesha mahali elektroni inapoelekea zaidi kupatikana, na kila obitali ina nambari tatu. Ya kwanza, n, ni ya ganda. Ya pili, l, huanzia 0 na kuishia n kutoa 1. Hiyo ndiyo huamua kama obitali ni s (0), p (1), d (2) au f (3). Ya tatu, m, huanzia hasi l hadi chanya l. Elektroni yenyewe ina nambari ya nne, spini, yenye thamani mbili tu. Na Wolfgang Pauli alishasema mwaka 1925 kwamba elektroni mbili za atomu moja haziwezi kulingana katika nambari zote nne.

Nikachukua karatasi, nikahesabu ganda la tatu. l ikiwa 0, m ina thamani moja. Ikiwa 1, tatu. Ikiwa 2, tano. Kila obitali inabeba elektroni mbili, kwa hiyo 2, 6 na 10, jumla 18. Ganda la nne, ambako l hufika 3 na m ina thamani saba, linaongeza 14. Kisha nikatazama jedwali la elementi: kushoto safu mbili, kulia sita, katikati kumi, na ile mistari iliyotengwa chini ndiyo makao ya zile 14. Kumbe jedwali lenyewe ndilo mpangilio! Mendeleev alizipanga elementi mwaka 1869, miaka 28 kabla elektroni haijagunduliwa.

Likabaki suala la obitali ipi ianze kujazwa. Katika haidrojeni 3s, 3p na 3d zina nishati karibu sawa kabisa. Elektroni zikiwa nyingi, zinasukumana na kukingana na mvuto wa kiini. Ya s, kwa kuwa hupenya hadi karibu na kiini, hukingwa kidogo kuliko ya d. Kanuni inayofupisha hayo ni kujumlisha n na l: jumla ndogo hutangulia, na zikilingana, yenye n ndogo hutangulia. 4s ni 4, 3d ni 5. Potasi na kalisi zikajieleza.

Sikuridhika mpaka nilipoilinganisha na vipimo. Kung'oa elektroni ya kwanza ya naitrojeni kunahitaji kilojuli 1402 kwa moli, lakini ya oksijeni, inayoifuata, 1314 tu. Naitrojeni ina elektroni tatu za 2p, kila moja na obitali yake. Ya nne, kwenye oksijeni, inalazimika kukaa na mwenzake, wanasukumana, inatoka kwa urahisi.

Siku hizi nikiulizwa bromini, sichori mshale. Mstari wa nne, safu ya tano ya upande wa p: elektroni 18 kama za argoni, kisha 4s² 3d¹⁰ 4p⁵, nambari ndogo ya juu ikiwa idadi ya elektroni. Jumlisha 18, 2, 10 na 5, ni 35. Chuma kinataka uangalifu kidogo: kujaza ni 4s kwanza, lakini kikipoteza elektroni mbili, zinatoka hizo hizo za 4s, inabaki 3d⁶.

Kromi na shaba hazifuati kanuni, ambayo ingezipa 3d⁴ 4s² na 3d⁹ 4s²; nimezikariri tu kama zilivyo, 3d⁵ 4s¹ na 3d¹⁰ 4s¹. Maelezo ya kawaida kuhusu kromi, kwamba d iliyojaa nusu ni imara zaidi, siyaamini sana peke yake. Wolframi, iliyo safu moja na kromi, ni 5d⁴ 6s², wala haijazi d yake nusu.