Shotgani inalia "ta!" bila kulipuka

Shotgani yangu ya mtutu mmoja, ninayoimiliki kwa kibali kule Sikonge, ilianza vituko: navuta kifyatuo, inalia "ta!", basi. Wengi hukimbilia kulaumu risasi. Nilielekeza mtutu pasipo na mtu kwa nusu dakika nzima, maana risasi huweza kuchelewa kulipuka, ndipo nikaifungua. Fataki, yaani kile kidude cha kuwasha baruti katikati ya kitako cha risasi, ilikuwa na alama hafifu, kama imeguswa na ukucha. Kumbe risasi ni nzima, pini ya kugonga fataki ndiyo inagonga kivivu.

Fundi wa Tabora mjini akaichomoa pini: grisi imegandana na vumbi, nyeusi tii! Akaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, akaikausha, akapaka tone la mafuta ya cherehani. Springi hakuigusa. Risasi zilezile zikalipuka.