Sheria ya Mchezo Ionekane Kutoka Benchi la Nyuma

Moshi, Jumapili usiku

Ndani ya kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea filamu, kiwe cha Pasua au cha Majengo, aliyekaa benchi la nyuma hasomi maandishi ya chini ya skrini. Vichwa vya wa mbele vimeyaziba, na mvua ikipiga bati hata sauti ya mtafsiri haimfikii. Nikizitafakari filamu za michezo ya mauti, ambamo anayeshindwa mchezo anakufa, huyo ndiye kipimo changu. Akijua bila kuambiwa ni kitendo gani kitamuua mchezaji, filamu imesimama. Asipojua, anaona watu wanaanguka tu, na baada ya wa tano anaanza kuchezea simu.

Mchezo wa kwanza wa Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ya 2021, unapita kipimo hicho vizuri kabisa: mwanasesere akigeuka, usitikisike. Wanaingia watu 456 wenye madeni, wakiwania fedha, wanabaki 201, na hakuna aliyehitaji kuelezwa walikufa kwa nini.

Swali linalofuata kibandani huulizwa kwa sauti: si waondoke tu? Lazima mwandishi awe na jibu mapema. Battle Royale, filamu ya Kijapani ya Kinji Fukasaku (2000) kuhusu wanafunzi wanaolazimishwa kuuana, iliwavisha wanafunzi 42 kola za kulipuka shingoni, ikawaweka kisiwani siku tatu, na ikawa inatangaza maeneo yaliyopigwa marufuku ili asiwepo wa kujibanza sehemu moja mpaka mwisho. Hilo la maeneo waandishi wengi hulisahau. Kwenye kombolela, wote wakijificha wasitoke, mchezo umekufa. Ndiyo maana aliyejificha hupewa sababu ya kutoka, kwenda kuwakomboa waliokamatwa.

Jibu la Squid Game ni gumu zaidi, na kwangu ndilo bora. Mlango upo. Baada ya ule mchezo wa kwanza wanapiga kura, 101 kwa 100, wanarudishwa makwao. Halafu 187 wanarudi wenyewe, kwa sababu madeni yako palepale. Mwandishi wa Moshi au Arusha hana haja ya kola wala kisiwa. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ipo. Yupo mama anayekopa huku ili alipe kule, na wapo wanaokuja kubeba jiko, kitanda na televisheni marejesho yakichelewa. Hilo likionyeshwa kwa utulivu, bila muziki wa kulazimisha huzuni, hakuna atakayeuliza kwa nini watu wamekaa.

Daraja la vioo la Squid Game, kila anayeandika aina hii ya hadithi alikalie na kalamu. Wachezaji ni 16, hatua ni 18, na kila hatua ina vioo viwili: kimoja kinabeba mtu, kingine kinapasuka. Anayevuka peke yake kwa kubahatisha ana nafasi 1 kati ya 262,144. Lakini hawavuki peke yao. Kila anayeanguka anawaachia wenzake jibu la hatua moja. Kwa wastani vitapasuka vioo 9, kwa hiyo kama kila mtu angekwenda kwa zamu yake bila kugombana, wangepona kama 7. Wa kumi ana nafasi ya 59 kati ya 100. Wa kumi na sita karibu hana cha kuogopa.

Wanavuka watatu tu. Kilichowapunguza wengine ni saa. Wana dakika 16, na aliye mbele akigoma kusogea anawaua walio nyuma yake, ambao hawajakosea lolote. Hapo ndipo wanaanza kusukumana. Ondoa saa, daraja linabaki kuwa bahati nasibu. Ukibuni mchezo wako, tafuta kitu kama hicho kitakachofanya subira ya mmoja iwe kifo cha mwingine. Wengi huongeza misumeno na moto mahali ambapo saa ya ukutani ingetosha.

Gharama zisiwatishe vijana wetu. Mwaka 1997 Vincenzo Natali alitengeneza Cube, filamu ya watu walionaswa ndani ya vyumba vyenye mitego, huko Kanada kwa seti ya chumba kimoja chenye futi 14 kila upande. Mtazamaji anaona vyumba vingi mno; kilichokuwa kikibadilika ni rangi ya paneli za ukutani. Kwa kuwa kuzibadilisha kulikula muda, walishuti vyumba vya rangi moja kwa pamoja, bila kufuata mtiririko wa hadithi. Ghala tupu la kahawa hapa mjini linafaa kwa mtindo huohuo: fremu za mbao, kitambaa cheupe, taa kwa nyuma. Kinachoharibika ni mwendelezo. Jeraha la mkono wa kulia linahamia kushoto, shati lililolowa damu linakuwa safi. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumpiga kila mwigizaji picha ya simu mbele, nyuma na ubavuni kila onyesho linapoisha. Na msishuti ndani ya ghala la bati wakati wa masika. Julai hadi Septemba sauti itawashukuru.

Kwa wanaotaka kuigiza ule mchezo wa peremende wa Squid Game, ambao mchezaji anatoa umbo lililochorwa kwenye peremende bila kulivunja: sukari vijiko 2 vya chakula, moto mdogo, mpaka iyeyuke iwe na rangi ya asali. Epua, tia bekingi soda kiasi cha ncha ya kijiko cha chai (si magadi ya kuivishia makande), koroga upesi ikiumuka, mimina kwenye sahani iliyopakwa mafuta, bonyeza ibaki unene wa milimita 3 hivi, kisha kandamiza umbo kabla haijakauka. Soda ikizidi inakuwa chungu na mapovu makubwa yanaifanya ipasuke ovyo. Umbo likizama mno linakatika kabla mwigizaji hajaligusa. Likizama kidogo, ule ujanja wa kulamba upande wa nyuma hautafanya kazi, kwa sababu unategemea ule mstari kuwa mwembamba na kuyeyuka kwanza. Hewa ikiwa na unyevu peremende inanata, hivyo ipikwe siku hiyohiyo na ihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Pikeni nyingi, maana kila teki, yaani kila mara onyesho linaporudiwa mbele ya kamera, inakula moja.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie siku ya kwanza ya kamera. Mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi waambiwe tarehe na saa, kwa sababu jirani akiona watu wenye vinyago wanawakimbiza wenzao waliovaa namba, atapiga simu, na atakuwa na haki. Bunduki za mbao zisafirishwe zikiwa zimefungwa ndani ya gunia, zitolewe ghalani tu.